Bima ya Fleti: Ukuta ni wa Nani, Maji ni ya Nani?

Mwenye nyumba ya kujitegemea Mbezi au Kigamboni hana haja ya kujiuliza mali yake inaanzia wapi. Ni yake kuanzia msingi hadi bati, pamoja na uzio na mwembe ulioko uani. Aliyenunua fleti ghorofa ya nne Upanga, Kijitonyama au Kinondoni yuko katika hali nyingine kabisa. Msingi si wake peke yake, wala paa. Lifti, ngazi, tangi la maji, pampu na jenereta ni mali ya wote. Kilicho chake hasa ni nafasi iliyozungukwa na kuta, na baadhi ya kuta hizo jirani naye anazitegemea. Kwa hiyo kabla hajauliza bei ya bima, inambidi ajue kitu gani kimeshakatiwa bima na wengine na kipi kimebaki mikononi mwake. Wengi huruka hatua hii, wakaenda moja kwa moja kwa wakala kutafuta nafuu, na hasara yao inaanzia hapo.

Tanzania Bara, umiliki wa aina hii una sheria yake ya mwaka 2008. Zanzibar ina ya kwake ya 2010, na Kenya ilitunga mpya mwaka 2020 kuchukua nafasi ya ile ya 1987. Zote zimejengwa juu ya wazo moja: kila mwenye fleti ana hati ya sehemu yake, ana fungu katika maeneo ya pamoja, na ni mwanachama wa chombo kinachosimamia jengo zima. Kwetu chombo hicho huitwa umoja wa wamiliki. Ndicho kinachokusanya ile sevisi chaji ya kila mwezi, kikalipa walinzi, usafi, umeme wa ngazi na mafundi wa lifti, na ndicho kinachotarajiwa kukata bima ya jengo. Maana yake, mwenye fleti tayari anachangia bima hata kama hajawahi kuona karatasi yake.

Basi kazi ya kwanza ni kuiomba karatasi hiyo. Mwandikie katibu wa umoja au meneja wa jengo, umwombe nakala ya mkataba wa bima pamoja na lile jedwali la ukurasa wa mbele. Ukishalipata, angalia kwanza tarehe ya mwisho. Si jambo la ajabu kukuta bima ya jengo ilikwisha miezi kadhaa nyuma kwa sababu nusu ya wenye fleti hawajalipa michango yao. Kisha angalia thamani iliyoandikwa, halafu usome sentensi inayoeleza maana ya neno "jengo" ndani ya mkataba huo. Sentensi hiyo moja ndiyo inayoamua fedha zako zitakwenda wapi.

Kuna mikataba inayohesabu jengo kama lilivyokabidhiwa na mjenzi: kuta, zege, madirisha, milango, mabomba yaliyozikwa ukutani, vigae vya awali. Ipo inayoishia kwenye plasta, na kila kilichobandikwa juu yake ni juu ya mwenye fleti. Fikiria fleti nyingi zinavyouzwa mjini. Mnunuzi anapokea jiko lenye sinki na kabati moja, kisha anaita fundi. Anaweka makabati ya ukuta mzima, juu ya meza anaweka graniti, sebuleni jipsamu yenye taa za kufichwa, chumbani kabati la nguo hadi darini, bafuni kioo cha kuogea na vigae vipya. Anamaliza akiwa ametumia milioni 18, na hizo milioni 18 haziko kwenye bima ya umoja, kwa sababu umoja haujui kama zipo. Haziko pia kwenye bima ya vitu vya ndani, kwa sababu vitu vya ndani ni vile unavyoweza kuvibeba siku ya kuhama. Kabati lililopigwa misumari ukutani halihami. Hili ndilo pengo linalosahaulika kuliko mengine yote, na kulifunika kunagharimu kidogo sana. Linahitaji mstari mmoja tu kwenye mkataba, unaosema maboresho ya ndani ya mwenye fleti yamekatiwa bima kwa kiasi fulani.

Sasa tuje kwenye hesabu. Viwango nitakavyotumia ni vya mfano wa kufanyia hesabu. Kila kampuni ina vyake, navyo hubadilika kulingana na mahali jengo lilipo na ulinzi wake. Kinachofaa kutazamwa ni jinsi bei zinavyopishana. Tuchukue fleti ya mita za mraba 110. Sokoni inauzwa shilingi milioni 280. Kuijenga upya, tuseme kwa shilingi milioni 1.2 kwa kila mita ya mraba, kungegharimu milioni 132. Tofauti kati ya kiasi hicho na bei ya soko ni kiwanja, mtaa, ukaribu na barabara na faida ya muuzaji, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoungua. Bima ya kuta hukatwa kwa gharama ya kujenga upya. Anayekata kwa bei ya soko analipa kila mwaka ada juu ya milioni 148 ambazo hatalipwa kamwe, kwa kuwa bima inarudisha kilichoharibika na haimtajirishi mtu.

Ndani ya fleti hiyo kuna maboresho ya milioni 18 na vitu vya milioni 35. Tuseme kiwango cha kuta na maboresho ni asilimia 0.2, na cha vitu vya ndani, pamoja na wizi na maji, ni asilimia 1. Kinga ya madai ya mtu wa tatu hadi milioni 20 tuiwekee shilingi 40,000. Kwa fleti ambayo kuta zake ziko tayari kwenye bima ya umoja, hesabu inakuwa hivi: maboresho 36,000, vitu vya ndani 350,000, mtu wa tatu 40,000. Jumla 426,000. Tanzania Bara bima ya mali hutozwa VAT kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, yaani 76,680, kwa hiyo mteja anatoa shilingi 502,680 kwa mwaka.

Mwenye fleti huyohuyo akishawishiwa akate bima ya kuta pia, ataongeza shilingi 264,000, na pamoja na VAT ni 311,520. Fedha hizi zinanunua kitu alichokwisha kukinunua kupitia sevisi chaji. Moto ukitokea, kampuni mbili hazitamlipa mara mbili. Zitagawana hasara ileile moja, na kabla ya hapo zitabishana kwa wiki kadhaa nani aanze. Hali pekee ambayo mimi naona inafaa mtu akate bima ya kuta mwenyewe ni pale umoja haujakata kabisa, au umekata kwa thamani ndogo mno na mkutano umekataa kurekebisha. Hata hapo, mwambie wakala waziwazi kwamba jengo lina bima nyingine, na aandike.

Kuna anayekwenda upande wa pili akatafuta kile cha bei ya chini kabisa, yaani bima ya moto tu. Inalipa moto, radi na mlipuko, basi. Kwa kiwango cha mfano cha asilimia 0.25 kwa vitu vya ndani, atalipa 87,500, na maboresho 36,000. Akiongeza VAT inafika 145,730. Ameokoa karibu shilingi 357,000 kwa mwaka, nazo ni fedha za kweli, ni mwezi mzima wa sokoni kwa familia nyingi. Lakini angalia alichokiacha. Ameacha wizi, ameacha maji, ameacha jirani wa chini. Katika jengo la zege lenye kuta za tofali na sakafu ya vigae, moto hauenei kirahisi kama kwenye nyumba ya mbao. Mkosi wa kila siku wa maisha ya ghorofani ni maji, na bima ya moto haiyagusi.

Hebu tukae kidogo kwenye maji. Mtaa una mgao. Asubuhi mtu anafungua bomba la sinki, hakuna kitu. Anatoka kwenda kazini bomba likiwa wazi, na kitambaa cha kuoshea vyombo kimelala juu ya tundu la sinki. Saa tano maji yanarudi kwa nguvu. Sinki linajaa, linafurika, maji yanashuka chini ya kabati, yanafuata mstari wa vigae hadi sebuleni, yanapata njia pembeni ya bomba la choo na kushuka ghorofa ya tatu. Kule chini jipsamu inalowa, inavimba na kubadilika rangi kama chai ya maziwa, kisha kipande kinaanguka juu ya televisheni. Jioni wenyeji wawili wanasimama kwenye ngazi.

Hapo zinaingia bima tatu tofauti, na kila moja ina kazi yake. Kapeti na makochi ya wa juu yanalipwa na bima yake ya vitu vya ndani, iwapo mkataba unataja kufurika au kupasuka kwa mabomba na vifaa vya maji. Televisheni na makochi ya wa chini yanalipwa haraka zaidi na bima ya huyo wa chini mwenyewe, kama anayo, na kampuni yake ndiyo itakayomgeukia wa juu. Kama hana, inabidi amdai wa juu, na kinga ya mtu wa tatu ya wa juu italipa pale tu inapoonekana kwamba kisheria ana makosa. Bomba lililoachwa wazi ni uzembe ulio dhahiri, hakuna ubishi mrefu. Lakini kama maji yametoka kwenye bomba kuu linalopanda ndani ya jengo zima, hilo ni la umoja, na wa juu naye ni mhanga kama wa chini.

Kwa hiyo katika kulinganisha kotesheni mbili, mimi ningeruka ukurasa wa bei nikaenda kusoma kifungu cha maji. Angalia mambo matatu ndani yake. Je, kinalipa maji yaliyotoka ghafla tu, au na kuvuja kwa muda mrefu? Karibu kampuni zote hukataa kuvuja kwa taratibu, ile alama ya unyevu iliyokuwa inakua kwenye dari kwa miezi minane huku mwenyewe akiitazama. Je, kinalipa gharama ya kuvunja kigae ili kulifikia bomba? Bomba lenyewe kwa kawaida ni juu yako, lakini kuvunja na kurudishia kunaweza kuwa ghali kuliko bomba. Na je, kuna kiwango cha pekee cha mchango wako kwa madai ya maji, kikubwa kuliko cha madai mengine? Mchango huo ndio wengi huuita eksesi: kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Ukiona asilimia 10 ya hasara kwa wizi na asilimia 20 kwa maji, umeshajua kampuni hiyo inaogopa nini.

Mafuriko ya mvua yanasomwa kwa namna nyingine. Aliye ghorofa ya tano hana sababu ya kulipia nyongeza ya mafuriko kwa ajili ya makochi yake. Lakini jengo lake linaihitaji, hasa likiwa Mikocheni au mahali popote ambapo maji ya masika hukaa barabarani, kwa sababu jenereta, pampu, swichi kubwa za umeme na shimo la lifti viko chini kabisa. Vikizama, wa ghorofa ya tano ataliona tatizo kila anapopanda ngazi na ndoo ya maji. Gari lililoko kwenye maegesho ya chini halimo humu kabisa. Hilo ni la bima kubwa ya gari, na bima ya gari ya mtu wa tatu pekee hailipi chochote gari lako mwenyewe likizama.

Baada ya maji, jambo linalowaumiza watu zaidi ni kukadiria vitu vyao chini. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu linafanywa na watu waaminifu, wenye nia ya kubana matumizi tu. Mtu anaulizwa vitu vyake vina thamani gani, anatazama sebuleni, anasema milioni 14. Ukweli ni milioni 35, kwa sababu hakuhesabu friji na friza, kiyoyozi cha vyumba viwili, mashine ya kufulia, magodoro, mapazia, vyombo vya jikoni, nguo za watu watano, viatu na vitabu. Ada yake inashuka kwa shilingi 210,000, na pamoja na VAT ameokoa 247,800. Kisha wezi wanavunja, wanabeba vitu vya milioni 10. Anajiambia, nimekata milioni 14, nimeibiwa 10, nitalipwa zote. Hapana. Mikataba mingi ina kifungu cha uwiano: ukikata bima ya asilimia 40 ya thamani, umeamua kubeba asilimia 60 ya kila hasara mwenyewe. Kampuni inahesabu milioni 4, inaondoa eksesi ya asilimia 10, inampa milioni 3.6. Angekata thamani kamili angepata milioni 9.

Dawa yake ni jioni moja ya kazi. Pita chumba kwa chumba na simu, ukirekodi video. Fungua makabati. Geuza televisheni na laptopu, upige picha namba zilizoandikwa nyuma. Chukua risiti za EFD ulizonazo uzipige picha pia, maana wino wake hufutika kwenye droo. Kisha itume video hiyo mahali nje ya simu, kwa ndugu au kwenye barua pepe yako, kwa kuwa simu ni kitu cha kwanza kuibiwa. Kwa dhahabu usitegemee jumla. Mikataba huweka kikomo kwa kitu kimoja, na seti ya harusi inaweza kuzidi kikomo hicho mara kadhaa. Itajwe kwa jina, na karatasi ya sonara yenye uzito na karati iambatanishwe.

Uliza pia utalipwaje: kitu kipya kwa cha zamani, au kwa thamani iliyobaki baada ya kuchakaa. Televisheni ya miaka sita kwa mfumo wa pili inaweza kulipwa chini ya nusu ya bei ya duka. Mfumo wa kwanza una ada kubwa kidogo kwa sababu lazima thamani zote ziandikwe kwa bei za leo. Kwa vifaa vya umeme na fanicha, ningelipa tofauti hiyo. Kwa nguo, kampuni nyingi huhesabu uchakavu hata ukilipa, kwa hiyo usiipandishe ada yako kwa ajili ya nguo.

Kuna nyongeza ambayo mawakala huipenda: kinga ya vitu vya kubeba, yaani simu, laptopu, kamera, saa, popote utakapokuwa navyo. Kwa asilimia 5 ya milioni 6, ni 300,000, na pamoja na VAT ni 354,000. Linganisha na ile 502,680 ya fleti nzima. Kiasi kinachofikia asilimia 70 ya ada yote ya nyumba kinakwenda kulinda mfuko mmoja wa begani! Kwa mpiga picha wa harusi au mtu anayeishi kwa laptopu yake, sawa. Kwa wengine wengi, ni busara kuacha, na fedha hiyo kuiweka kwenye kitasa imara cha mlango na kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Kifaa hicho kina maana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu bima ya kawaida ya vitu vya ndani hailipi friji iliyoungua ndani kwa ndani umeme uliporudi. Inalipa moto uliotokana na hitilafu. Mota iliyokufa bila moto inahitaji nyongeza yake.

Kwenye wizi, neno la kulitafuta ni kuvunja. Kampuni zinataka kuona dalili za nguvu: kitasa kilichong'olewa, nondo zilizokatwa, kioo kilichopasuka. Fundi aliyeachiwa ufunguo, au dada wa kazi aliyeondoka na begi, mara nyingi hayumo. Pia kuna kikomo cha siku za nyumba kukaa bila mtu, mara nyingi siku 30. Anayefunga fleti mwishoni mwa Desemba kwenda Moshi akarudi katikati ya Januari yuko salama. Anayesafiri miezi miwili kwa matibabu au kuhiji amwandikie wakala kabla hajaondoka, na ampe mtu wa kulala pale. Na kama chumba kimoja kimewekwa cherehani tatu na wateja wanaingia na kutoka, au fleti inapangishwa kwa wageni wa siku mbili tatu, hiyo ni biashara, isemwe. Bima ya makazi inaweza kukataa dai lote kwa jambo hilo moja.

Mpangaji ana kazi rahisi zaidi. Kuta si zake, maboresho si yake. Anahitaji vitu vya ndani na kinga ya mtu wa tatu, basi. Mwenye fleti anayepangisha hahitaji kulipia makochi ya mpangaji, lakini aulize kuhusu kodi atakayoikosa wakati fleti inatengenezwa. Aliyenunua kwa mkopo wa benki ataambiwa na benki akate bima ya jengo na benki iandikwe kuwa ya kwanza kulipwa. Hiyo inamlinda mkopeshaji. Haigusi vitu vya ndani, na ile bima nyingine ya mkopo inayolipa deni mkopaji akifariki ni kitu tofauti kabisa, ingawa zote mbili hukatwa kwenye karatasi moja ya makato. Ukiuziwa bima hizo benkini, una haki ya kuuliza kama unaweza kuleta ya kampuni nyingine yenye kinga ileile, na inafaa uulize hilo kabla hujasaini mkopo.

Msomaji aliye Nairobi au Mombasa atakuta kifurushi cha makazi kimegawanywa kwa sehemu zenye herufi: majengo, vitu vya ndani, vitu vya kubeba, mfanyakazi wa nyumbani, dhima ya mwenye nyumba na dhima ya mkaaji. Sehemu ya mfanyakazi inatokana na sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, na kwa bei yake ndogo ni sehemu ya kuchukuliwa bila kusita, kwa haki ya huyo anayepanda juu ya stuli kufuta madirisha ya ghorofa ya sita. Kenya haina VAT kwenye ada ya bima. Kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mfuko wa fidia kwa wenye bima asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40. Ada ya 30,000 inakuwa 30,175. Ingekuwa Tanzania, ada ya 30,000 ingefika 35,400. Kwa upande mwingine, bima ya kawaida ya Kenya huacha nje uharibifu wa vurugu za kisiasa, na kwa jengo lililo katikati ya jiji nyongeza hiyo ni ya kujadiliwa na wenye fleti wote. Kwa fleti za zamani za Nairobi, uliza ni nani sasa ameshika bima: kampuni ya usimamizi ya wakati wa hati za kukodi, au shirika jipya la wamiliki chini ya sheria ya 2020. Kipindi cha kuhama kutoka moja kwenda jingine ndicho ambacho jengo laweza kubaki bila bima na kila upande ukidhani mwenzake amelipa. Kwa wanaotaka takafuli, yaani bima inayofuata misingi ya Kiislamu, Kenya ipo tangu 2011, na Tanzania nayo sasa imeanza. Hesabu za thamani, maji na uwiano zinasomwa kwa jicho lilelile.

Wapi pa kununua? Wakala anaiwakilisha kampuni. Dalali wa bima anamwakilisha mteja na anaweza kuleta kotesheni za kampuni kadhaa, na kamisheni yake hutoka kwa kampuni, kwa hiyo kwa mkataba wenye maboresho na dhahabu ndani yake ningemtumia yeye. Yeyote utakayemchagua, hakikisha amesajiliwa na mamlaka ya bima, yaani TIRA, au IRA kwa Kenya, na hakiki kwamba mkataba wako umeingia kwenye mfumo wa mamlaka. Lipa kwa akaunti ya kampuni, kamwe si kwenye namba ya simu ya mtu. Kinga huanza fedha zikishalipwa. Ahadi ya "nitalipa mwisho wa mwezi" haizimi moto.

Siku ya hasara, piga 114 kama ni moto, funga koki kuu kama ni maji, kisha piga picha kabla hujafagia. Kwa wizi chukua RB polisi siku hiyohiyo, kwa moto omba ripoti ya Zimamoto, na iarifu kampuni kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba. Usitupe kipande cha jipsamu wala televisheni iliyolowa hadi mkadiriaji hasara aione. Dai likikataliwa na huridhiki, Tanzania kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo husikiliza watu wa kawaida bila kuwalazimu kuanzia mahakamani.

Limebaki jambo la jengo zima, nalo halitatuliwi na mwenye fleti akiwa peke yake. Tuseme jengo la fleti 24 lingegharimu shilingi bilioni 4 kulijenga upya, lakini umoja umelikatia bima ya bilioni 2.4 kwa sababu ndiyo thamani iliyoandikwa miaka kumi iliyopita na kila mwaka mtunza hazina huihuisha ilivyo. Jiko linaungua ghorofa ya pili, moshi na maji ya kuzimia vinaharibu ngazi, nyaya na fleti tatu. Hasara milioni 100. Kwa kifungu kilekile cha uwiano, kampuni italipa milioni 60. Milioni 40 zinazobaki zitagawanywa kwa wenye fleti, na kwa mafungu yanayolingana ni zaidi ya milioni 1.6 kila mmoja, pamoja na yule ambaye fleti yake haikuguswa na hata chembe ya masizi. Bima zetu nyingi za fleti hazina mstari wa kulipa mchango wa dharura wa namna hii. Muulize dalali kama anaweza kuupata. Na kwenye mkutano mkuu wa mwaka, kabla ya ajenda ya rangi na maua, omba thamani ya jengo ipitiwe upya na mthamini aliyesajiliwa, jedwali la bima libandikwe kwenye ubao wa matangazo karibu na lifti, na sehemu ya sevisi chaji inayokwenda kwenye bima iwekwe kwenye akaunti yake yenyewe, ili mwezi wa kuhuisha ukifika fedha ziwepo.